MWANGA WA TAA NA HAKI YA WAPITAO NJIA

Hili ni jambo ambalo watu wengi wamelifanya jepesi, nalo katika sharia si jepesi. Mwenye pikipiki huona taa yake ya mbele ni hafifu, akaenda dukani, akanunua globu ya LED na kuitia mahali pa ile ya zamani. Akiulizwa, hujibu kuwa pikipiki ni yake na fedha ni zake.

Wala halaumiwi kwa kutaka kuona. Pikipiki nyingi ndogo hutoka kiwandani na globu ya wati 35, na katika baadhi yake taa hufifia kila injini ipunguzwapo. Naye atokaye alfajiri hukuta njiani mashimo, mbuzi, na watoto waendao chuoni. Kuhifadhi nafsi ni wajibu. Tena globu ya LED kwa dhati yake si kitu kibaya: hula umeme kidogo na hudumu sana, na Akasaki, Amano na Nakamura, waliovumbua ile ya buluu ambayo ndiyo asili ya taa hizi nyeupe, walipewa tunzo ya Nobel mwaka 2014.

Ubaya huingia mahali pengine. Bakuli la taa limepimwa kwa uzi wa globu ya zamani: uzi ukae hapa, nuru ipige pale, irudi chini barabarani. Globu ya LED haina uzi. Nuru yake yatoka katika vipande bapa vilivyopachikwa ubavuni. Vipande hivyo visipokaa pale pale ulipokuwa uzi, hata vikikosea kwa kiasi kidogo, nuru hutawanyika, ikapanda na kuingia machoni mwa ajaye. Wazee ambao macho yao yameanza kuingia ukungu ndio waumiao zaidi. Ujerumani haikuzipasisha globu za namna hii hata mwaka 2020, na hapo pia kwa aina za vyombo zilizokwisha kupimwa tu. Na ajabu ni kuwa huenda mwendeshaji mwenyewe asione mbali zaidi; huona weupe mwingi karibu na gurudumu, akadhani ameona.

Basi nuru ikishatoka katika taa, ni ya nani? Imamu Nawawi katika Minhaj amezungumza juu ya roshani itokezwayo katika njia ya watu wote. Yajuzu kuitokeza kwa sharti isiwadhuru wapitao: iwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake wima, na ikiwa ni njia ya misafara, apite ngamia na kipando chake. Nyumba ni ya mwenyewe na boriti ni zake, lakini hewa ya njia ni ya wote. (Na neno roshani asili yake katika Kiajemi ni mwangaza.) Nuru ya taa nayo imetokezwa katika hewa hiyo hiyo, tena roshani husimama pahala pamoja watu wakaijua na kuinama, na nuru huja mbio.

Zito kuliko hilo ni kwamba roshani iliyoruhusiwa, ikimwangukia mtu akafa, mwenyewe hudhamini. Ruhusa haikuondoa dhamana.

Atasema mtu: mwanga haukumgusa aliyeanguka. Na ukelele je? Wanazuoni wa madhehebu wametaja mtu ampigiaye ukelele mtoto asiyepambanua, aliye ukingoni mwa dari, mtoto akaanguka akafa: diya yalazimu. Kwa mtu mzima, kauli yenye nguvu ni kuwa hapana diya, kwani mtu mzima aweza kujizuia. Lakini aliyetiwa kiwi usiku ajizuie kwa nini, na jicho ndilo aliloondolewa?

Wengine hutoa udhuru kuwa malori huwatia kiwi, nao wajikinga. Suyuti katika Al-Ashbah wan-Nadhair amebainisha kuwa mtu hawi na ruhusa ya kuondoa madhara yake kwa kumtupia mwingine madhara mfano wake. Na hapa anayetupiwa si dereva wa lori aliyeketi juu, bali ni mtu wa miguu arudiye kutoka sala ya Isha.

Atakaye nuru na asafishe kwanza kioo cha taa, atazame nyaya na betri. Akitaka LED, anunue taa nzima iliyotengenezwa kwa hiyo, kisha aisimamishe pikipiki mbele ya ukuta usiku, naye ameketi juu yake, arekebishe hata ukingo wa juu wa mwanga wa chini uwe chini kuliko taa yenyewe. Fundi auzaye globu hujua haya. Akimficha mnunuzi, huo ni ghushi na ana sehemu yake katika dhambi. Akimwambia, na mnunuzi akashika lake, jambo limebaki juu ya aendeshaye.