Picha ya Mama wa Maparachichi ni ya Nani?

Tangu ninunue simu yenye kamera nzuri napiga picha karibu kila siku: ukungu wa asubuhi ukiwa umelala bondeni Nyabugogo, waendesha pikipiki wakisubiri abiria, majirani wakifyeka majani siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake kuna swali la maadili. Nani hudhurika kwa kupigwa picha?

Mwaka jana, Nyamirambo, nilimpiga picha mama mmoja aliyekuwa na kapu la maparachichi kichwani na mtoto mgongoni. Jua lilikuwa linazama, naye akapinda shingo kidogo kutazama nyuma. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Niliituma kwenye kundi la darasa letu, ikasifiwa, wengine wakaisambaza. Wiki mbili baadaye nilikutana naye, nikamwonyesha nikitarajia atabasamu. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, nani ameiona hii?"

Mkazi yeyote wa Kigali ataelewa swali hilo. Uchuuzi wa barabarani umekatazwa jijini, na wachuuzi, tunaowaita abazunguzayi, hutembea huku wakiangalia nyuma. Kule kupinda shingo nilikokuona kuwa uzuri kulikuwa hofu.

Rafiki yangu mmoja hunitetea: barabara ni ya wote, na kinachoonekana na wote hakiibwi. Hoja hiyo ina nguvu, nami niliishikilia kwa siku kadhaa. Lakini jicho la mpita njia husahau, na anayetazamwa anaweza naye kumtazama anayemtazama. Picha haisahau. Humpeleka mtu mahali asipokwenda mwenyewe, mbele ya watu asioweza kuwajibu.

Wala si wanadamu tu. Katika Kijiji cha Umusambi, hapa hapa Kigali, wanatunzwa korongo wenye taji waliookolewa kutoka majumbani na kwenye bustani za hoteli, na wengi wao hawawezi tena kuruka. Hakuna aliyewachukia ndege wale. Walikamatwa kwa sababu ni wazuri. Nilisimama pale na simu yangu nikaona aibu kidogo, ingawa picha nilipiga.

Je, basi tusipige picha ya mtu kamwe bila ruhusa yake? Hapo ndipo ninapokwama. Kwenye Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari, Gisozi, kuna chumba kilichojaa picha ambazo familia zimeleta za jamaa zao waliouawa mwaka 1994. Ni picha za kawaida za maisha, na aliyezipiga hakujua zingekuja kubeba mzigo gani. Bibi yangu naye ana picha moja tu ya kaka yake, tena ya harusi ya watu wengine. Yuko nyuma kabisa, anacheka, hajui kama anapigwa picha. Mpiga picha angengoja ruhusa yake, leo bibi asingekuwa na kitu.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ruhusa ndiyo kila kitu. Ninachoona ni kwamba picha ile ya harusi ilirudi kwa watu waliomjua na kumwita kwa jina. Yangu ilikwenda kwa watu waliosifu mwanga. Nadhani deni la mpiga picha liko hapo: kuomba kabla hakumtoshi, inampasa pia kurudisha baadaye, na kufuta mwenye sura akikataa.

Niliifuta mbele yake. Wenzangu darasani nao waliifuta, isipokuwa mmoja aliyeniambia kwamba ninakuza jambo dogo. Kisha mama akaniomba nimpige nyingine nyumbani kwake, akiwa amevaa kitenge, bila kapu. Niliichapisha nikampelekea, naye akaibandika ukutani juu ya kitanda. Kama picha, haina lolote la kusifiwa: amesimama wima kama askari, taa imemkausha uso, mtoto amefumba macho.

Ile ya kwanza bado inazunguka. Mwezi uliopita nilitumiwa na mtu asiyejua kwamba ni mimi niliyeipiga. Aliniuliza kama naona mwanga ulivyo mzuri.