Deni la Mhitimu

Siku ya mahafali, kijana wa Tunduma au Vwawa aliyemaliza masomo ya chuo huvaa joho, hupokea cheti, na husikika akisema, "Elimu yangu." Neno hilo dogo, "yangu," yafaa tulitafakari. Je, elimu ni mali ya aliyeipata, au ya waliomwezesha kuipata?

Tuanze kwa kukiri haki ya kijana. Mitihani aliifanya yeye, na usiku wa kukesha ulikuwa wake. Tena atatuambia kwamba deni lake lajulikana. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, mkopo huandikwa, na anayeajiriwa hukatwa mshahara mpaka aumalize. Akishalipa, adaiwe nini tena?

Twajibu kwamba lipo deni jingine, lisiloandikwa. Kijana huyu hakuanguka kutoka mbinguni kama Kimondo cha Mbozi. Alilelewa. Katika vilima vya Mbozi ada ya shule imetoka miaka mingi katika mibuni: kahawa iliyopaliliwa, ikachumwa na kuanikwa kwa mikono ya nyumba nzima. Na aghalabu katika nyumba hiyo yumo ndugu, hasa wa kike, aliyebaki shambani ili fedha chache zilizopo zimtoshe mmoja. Huyo hana daftari la madai, wala baraza la kumpokelea shauri. Deni lake laishi katika dhamiri ya aliyekwenda, au haliishi popote.

Chuoni nako deni huongezeka. Mnyiha hulala chumba kimoja na Mmakonde; Mnyamwanga akiugua, Msukuma humnakilia masomo. Wenzi hao hakuwachagua, alipangiwa. Kuishi kwa wema na mtu usiyemchagua ni somo lisilo na mtihani, lakini ndilo atakalolihitaji zaidi akirudi Tunduma, mji wa mpakani unaotazamana na Nakonde ya Zambia, ambamo wenyeji, madereva na wafanyabiashara wa kila upande hukutana kila siku.

Taifa letu limepata kushindana juu ya jambo hili. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300. Lakini hakuishia hapo. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Machi 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea, akionya juu ya elimu inayomtenga kijana na jamii yake. Watu wangali wakibishana kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Funzo moja, hata hivyo, halina ubishi: anayewadai vijana wajitoe, sharti naye aonekane akijitoa.

Kwa hiyo jamii nayo isimgeuze mhitimu kuwa ng'ombe wa kukamuliwa. Kijana asiye na kazi, au mwenye mshahara mdogo, akidaiwa na ukoo mzima, hukimbilia mbali na kujificha. Hapo wote wamepoteza. Wala si lazima arudi kijijini. Muuguzi anayewahudumia wagonjwa wa Mtwara kwa heshima hajalikimbia deni lake. Mwingine aweza kukaa mlangoni pa wazazi wake akiwadharau, naye akawa amelikimbia.

Deni hili hulipwaje basi? Mtu ni watu, wahenga walinena. Na watu hao ni wengi mno kurudishiwa mmoja mmoja. Baadhi yao watakuwa wamekwisha kufa. Hivyo hulipwa kwa wanaofuata: kwa mtoto wa jirani anayefundishwa hesabu jioni, kwa mgeni anayehudumiwa ofisini bila kuombwa chochote, na kwanza kabisa kwa binti wa yule dada aliyebaki shambani, ambaye zamu yake ya kusoma imefika.

Mhitimu akiyafanya hayo, na aseme "elimu yangu" bila hofu. Mkulima naye husema "mbegu zangu," huku akijua kwamba mbegu zikibaki ghalani huliwa na fukusi.