Je, Ni Uzee Tu?



Katika vijiji vya milima ya Uluguru, huko Mgeta na Matombo kwa mfano, liko neno lisemwalo kwa upole kando ya kitanda cha mzee aliyekwisha kupoteza kumbukumbu, pindi aanzapo kupumua kwa shida: "Ni uzee tu, mwacheni apumzike." Twauliza: neno hilo ni huruma, au ni hukumu?

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Ugonjwa wa kusahau si uchawi, wala si sehemu ya lazima ya uzee. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 uliwakuta nao kiasi cha wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Huharibu ubongo, na ubongo ndio unaoamuru hata koo. Mwishowe mzee husahau kumeza kama alivyosahau majina ya wajukuu. Uji, maji, hata mate yake mwenyewe hupotea njia na kuingia mapafuni pamoja na vijidudu vya kinywani, ndipo huzuka kichomi, ambacho hospitalini huitwa nimonia. Nacho huja kimyakimya, pengine pasipo homa kali wala kikohozi. Mzee husinzia kuliko desturi, hukataa chakula, hupumua upesi upesi, wala hawezi kusema, "Ubavu waniuma."

Waganga wa zamani wa Ulaya waliuita ugonjwa huu rafiki wa wazee, kwa kuwa huwachukua upesi. Rafiki wa nani hasa? Mzee hajaomba kwenda. Sisi ndio tuliochoka. Wala hatumlaumu achokaye. Binti anayeamka usiku mara nne kumgeuza mama yake, kisha alfajiri akaenda shambani, ana haki ya kuchoka, na ndugu zake waliohamia mjini wana deni kwake kupita fedha wanazotuma kwa simu. Ila uchovu wetu usijivike vazi la huruma.

Je, basi, ni lazima kila mara kumshusha mzee mlimani kwa machela? Papa Pius XII, akisema na madaktari tarehe 24 Novemba 1957, alifundisha kwamba mtu hulazimika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, zisizo mzigo wa kupita kiasi kwake au kwa wengine. Dawa ya kichomi ni njia ya kawaida. Mzee ambaye juzi alikaa mlangoni akila na kucheka na watoto, ingawa majina yao yamempotea, astahili kupelekwa, na mapema. Lakini yule aliyefikia mwisho, asiyeweza tena kuinua kichwa, ambaye safari yenyewe yaweza kummaliza kwa mateso, jamaa zake hawatendi dhambi wakimtunza nyumbani hadi Mungu amwite. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, wajomba wana neno kubwa katika shauri kama hili. Na wamwulize kwanza mganga wa zahanati, kisha yule binti anayemlisha, maana ndiye ajuaye mzee alikuwaje juzi.

Katika kulisha hasa, twaona upendo wenyewe ukidhuru: mzee amelazwa chali, akimiminiwa uji kwa haraka "apate nguvu". Mwinueni akae wima. Mpeni kijiko kidogo, ngojeni ameze ndipo mumpe kingine, na akae hivyo nusu saa baada ya kula. Msafisheni kinywa kila siku, hata asiye na jino. Akikataa, msimlazimishe. Hayo hayagharimu fedha, yagharimu saa zetu, ambazo twazifanyia ubahili kuliko shilingi.

Padre naye aitwe mapema kwa Mpako wa Wagonjwa, isiwe roho inapotoka. Wengine husita kumwombea Komunyo mzee asiyemeza vema. Wasisite: chembe ndogo ya Hostia yatosha, kwa maana Kristo yu mzima katika kila sehemu, na asiyeiweza hata hiyo, kanuni ya 925 ya Sheria ya Kanisa yaruhusu apewe Damu Takatifu peke yake, tone tu kijikoni.