Kumvua Samaki na Kumwachia: Huruma au Mchezo?

Hivi mtu anayemvua samaki kisha akamrudisha majini amefanya jema, au amemtesa kiumbe bure? Swali linaonekana dogo, la watu wenye nafasi. Lakini livute kidogo tu, utaona linaburuta mengine nyuma yake: haja, starehe, uongo, na mipaka ya mamlaka yetu juu ya viumbe wengine.

Tuanze na kazi yenyewe inavyofanyika. Wavuvi wa pwani wana neno zuri: kurambaza. Chombo kinatembea, mshipi unaburutwa nyuma, chambo kinafuata kama kisamaki kilichoachwa na wenzake. Baharini hupatikana nguru, jodari, hata sulisuli. Ziwa Victoria, watalii hurambaza kumtafuta sangara, polepole, karibu na mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Chambo chao ni cha plastiki au mti, kimepakwa rangi, na mbele kina kijiulimi kinachosukuma maji. Hicho ndicho kinachokizamisha na kukitikisa. Sangara anahisi mtikisiko wa kiumbe dhaifu, na silika yake inamaliza kazi.

Wapo wanaosema ubaya uko hapo, kwenye udanganyifu. Mimi sikubali. Uongo unahitaji imani: namdanganya rafiki kwa kuwa ananiamini. Sangara hajawahi kuniamini. Na anayelaumu chambo cha plastiki huku akisamehe mnyoo asisahau kwamba ndani ya mnyoo nako kuna ndoana. Tatizo linaanza ndoana ikishanasa.

Mwaka 2003 watafiti Lynne Sneddon, Victoria Braithwaite na Michael Gentle walichapisha utafiti wao kuhusu samaki aitwaye trauti. Walikuta kichwani mwake neva zinazopokea madhara. Samaki waliodungwa sumu ya nyuki au asidi ya siki midomoni walipumua kwa kasi na kuchelewa kurudi kula. Waliodungwa asidi walisugua midomo kwenye kokoto. Wapo wanasayansi wanaobisha kwamba hayo si maumivu kama yetu. Sawa. Ila penye mashaka, mwenye kujieleza ni yule aliyeshika mshipi, maana samaki hawezi.

Uswisi waliliona hilo. Kanuni zao za mwaka 2008 za kulinda wanyama zinakataza kuvua kwa nia ya kumwachia samaki. Ukivua ule, una sababu. Ukivua ili umwachie, sababu yako ni ipi?

Nililipeleka swali kwenye kijiwe cha kahawa hapa Misugusugu. Mzee mmoja aliyewahi kuvua kambale Mto Ruvu alinitazama kama niliyemtegea kitendawili.

"Mwanangu, mimi samaki namtoa nimpeleke nyumbani. Huyo anayemrudisha, alimwita aende wapi?"

"Na akiwa mdogo, mzee?"

"Mdogo unamwachia, kwa sababu hukumtaka yeye. Umekosea mlango. Lakini kubisha hodi unajua kabisa huingii, hiyo ni dharau."

Tofauti hiyo sijaiona ikielezwa vizuri zaidi mahali pengine. Kanuni zetu za uvuvi haziruhusu sangara chini ya sentimita 50, na anayemrudisha wa namna hiyo anaheshimu kesho ya ziwa. Anayemrudisha mkubwa baada ya kupiga naye picha anafanya jambo jingine, hata kama mikono inafanana.

Mtetezi wa mchezo huu ana hoja nzito pia. Kisiwa cha Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Uvuvi wa biashara umepigwa marufuku pale, samaki wanazaliana, na mtalii anayekuja kurambaza analipa ada. Jike kubwa likirudi majini linarudi na mayai mengi. Hayo ni kweli, ingawa sangara mwenyewe aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akawamaliza furu wa aina nyingi. Ukimwachia sangara, unahifadhi nini hasa?

Halafu kuna njaa. Minofu ya sangara inasafirishwa nje, na kuna watu kandokando ya ziwa hilo hilo wanaonunua mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki kiwandani. Filamu ya Hubert Sauper ya 2004, Darwin's Nightmare, ilionyesha mapanki hayo, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani. Tubishane tutakavyo kuhusu filamu, mapanki yapo. Sasa mfikirie mama mnunuzi wa mapanki anapoiona picha ya mgeni amekumbatia sangara wa kilo 40, anacheka, kisha anamtupa majini. Utamwambia hiyo ni huruma?

Santiago wa Hemingway, katika The Old Man and the Sea ya 1952, anamwita samaki wake ndugu na bado anamuua. Hajifichi nyuma ya neno tamu. Ndicho ninachowadai wavuvi wa starehe. Waseme ni mchezo, una raha yake, na ada yake inalipa walinzi wa hifadhi. Hapo tutapima faida na hasara kama watu wazima, na huenda Rubondo ikashinda. Ila neno huruma waliache. Mwenye kumhurumia samaki humhurumia kabla hajatupa mshipi.