Nia Hutangulia Hamu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa miili hii na atakayetuuliza tumeitumia katika nini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Usiku mmoja baada ya darsa yetu ya Kitengela, watu walipokwisha kutawanyika, alibaki ndugu mmoja, mtu wa makamo kama mimi. Akanambia: "Sheikh, daktari amenipima akaniona nina sukari, akaniamrisha nitembee kwa miguu kila siku na nipunguze chakula. Yote hayo nayajua na nayakubali. Lakini nikiamka sioni hamu ya kutembea, na nikiona sahani sioni ila hamu ya kula. Nifanyeje hata hamu ya kheri inijie?"

Sikuweza kumjibu usiku ule, kwa sababu swali lake lilikuwa langu. Mimi huketi tangu Alfajiri mpaka Isha nikisomesha. Na kila ninapoalikwa, mwenye nyumba huona kuwa heshima ya sheikh ni kujaziwa sahani, nami huona kuwa heshima ya mwenyeji ni kuimaliza. Ikafika siku nikirukuu pumzi hunibana, na nikiinuka kutoka katika sijida hushika goti kwa mkono. Nilipopimwa nikaambiwa maneno yale yale aliyoambiwa yeye. Nikaahidi kuyafuata. Siku zikapita, na ahadi ikabaki pale pale nilipoiweka.

Kisha likatokea jambo lililonifanya nishike kalamu. Tulifiwa na mwenzetu mmoja upande wa Kajiado. Sukari ilimwanza kwa kiu, ikaja machoni, kisha ikamla mguu hata ukakatwa, na mwisho akafikwa na ajali yake. Tulimzika asubuhi. Adhuhuri tukaketi, tukaletewa masinia ya pilau, na kila mtu chupa yake ya soda. Tumetoka kumzika mtu wa maradhi ya sukari, tukakaa kumlilia kwa sukari, na hapana hata mmoja wetu aliyeliona jambo hilo kuwa ajabu. Nami nilinyosha mkono wangu pamoja na wenzangu. Achilia mbali kwamba sunna ni majirani kuwapikia wafiwa, kama Mtume (S.A.W.) alivyoamrisha wapikiwe jamaa za Jaafar alipokufa shahidi, sisi tumeigeuza, tukawafanya mayatima wawe wapishi wetu.

Basi leo namjibu ndugu yangu, na katika kumjibu yeye naisemeza nafsi yangu.

Kosa letu la kwanza ni kuingojea hamu. Hebu tujiulize: ni nani katika sisi anayeamka Alfajiri katika baridi ya Kitengela, upepo wa uwanda ukivuma, kwa sababu ameona hamu? Kitanda kina joto na nafsi yataka kulala. Twaamka kwa kuwa ni wajibu na wakati wake umefika. Tukisha kutawadha na kusimama katika safu, ndipo moyo huja nyuma, na utamu wa sala huonekana. Lau tungaliingojea hamu, misikiti ingalikuwa mitupu. Mbona basi katika sala tumejua kuwa kitendo hutangulia na hamu hufuata, na katika kuilinda afya tukaligeuza jambo juu chini?

Hadithi ya Sayyidna Umar iliyo mwanzo wa kitabu cha Bukhari yatufundisha kuwa amali huhesabiwa kwa nia zake. Hadithi hii sote twaijua, lakini wengi wetu hudhani nia ni fikira njema iliyolala moyoni. La, sivyo. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wameieleza nia kuwa ni kukusudia jambo pamoja na kulitenda. Mtu akikusudia leo na kitendo kikawa cha baadaye, hiyo haiitwi nia, huitwa azma. Mwenye kusema "nitaanza Jumatatu", au "nitaanza baada ya Ramadhani", au "nitaanza mvua zikiisha", huyo hana nia. Ana azma tu. Na azma isiyofikia kitendo haimpunguzii mtu hata kijiko kimoja cha sukari katika damu yake.

Tazameni mfano ulio mbele ya macho yetu. Alfajiri, tukitoka msikitini, humwona mchunga wa Kimasai akiwapeleka ng'ombe wake kando ya njia ya Namanga, akitafuta upenyo baina ya nyua za viwanja vilivyokatwakatwa. Hajiulizi kama ana hamu ya kutembea. Ng'ombe wataka maji, na maji yako mbali, basi anakwenda. Ana kitu alichoaminiwa, na kitu hicho kikifa yeye ndiye wa kulaumiwa. Hiyo ndiyo siri yake.

Mnamo miaka ya 1960 alikuja kwa Wamasai wa Tanganyika mtaalamu wa Kimarekani, George Mann, wa chuo kikuu cha Vanderbilt. Aliona kuwa chakula chao kikubwa ni maziwa na nyama, na juu ya hayo mafuta katika damu zao yalikuwa machache na maradhi ya moyo yalikuwa nadra. Mwaka 1972 wakatoa, yeye na wenzake, khabari za mioyo ya Wamasai waliokwisha kufa: mafuta yalikuwako katika mishipa yao, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia. Mann alidhani sababu ni kutembea kwao kwingi. Wataalamu wengine walikuwa na maoni mengine. Mimi sisemi kuwa sasa ni halali kwetu kukaa mbele ya nyama choma ya Kajiado mpaka tushindwe kuinuka. Nasema kuwa sisi tumekichukua chakula cha mchunga tukauacha mwendo wake. Twapanda bodaboda kutoka nyumbani mpaka msikitini, safari ya dakika 10 kwa miguu, kisha twauliza maradhi yametoka wapi!

Nasi pia tumeaminiwa kitu. Mwili si mali yetu; ni amana, na mwenyewe atautaka. Imepokewa katika Bukhari kuwa Salman alipomzuru nduguye Abu Dardaa alimkuta amejitupa katika saumu na sala za usiku hata ameisahau nafsi yake na mkewe. Akamkumbusha kuwa Mola ana haki, nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman. Ikiwa aliyeudhulumu mwili wake kwa ibada alirudiwa, atakuwaje anayeudhulumu kwa mandazi?

Ama chakula, Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, ametupa ruhusa ya kula na kunywa na papo hapo akatukataza israfu. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Mikdam aliyoipokea Tirmidhi, ameonya juu ya tumbo lililojazwa, akatosheka kwa mtu na matonge machache ya kumsimamisha, na akizidi, basi alifanye tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji, na la pumzi. Sisi fungu la pumzi tumelipa pilau.

Tufanye hesabu ndogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kuwa sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, nazo ni kadiri ya vijiko 12 vya chai, na kupunguza zaidi ni bora. Mwenye kunywa vikombe vitano vya chai kwa siku, akatia vijiko vitatu kila kikombe, amekwisha kupita mpaka kabla hajala kitu. Na chupa moja ya soda ya nusu lita huweza kukaribia kiasi hicho peke yake. Kisha tunasema, "Mimi sili sukari."

Wako wenye kutoa hoja. Wa kwanza husema: maradhi ni kadari, na kujikinga hakufai kitu. Huyu na asome khabari ya Sayyidna Umar alipokuwa akienda Sham, akasikia kuna tauni, akarudi na watu. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari Yake nyingine. Maradhi ni kadari, na viatu vya kutembelea ni kadari, na sahani ndogo ni kadari.

Wa pili husema: hili ni jini, au ni husda ya jirani, huacha dawa za hospitali akanunua hirizi. Ndugu zangu, jirani hakutia sukari katika kikombe chako. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Aliyepewa dawa na daktari aitumie, wala asiiache kwa kuwa ameanza kutembea. Na mwenye kudungwa sindano ya insulini amuulize daktari kabla ya kubadili chakula au kufunga.

Wa tatu husema: mazoezi ni mchezo wa vijana, na kwa wanawake ni aibu. Imepokewa na Abu Daud kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha safarini, mara akashindwa na mara akamshinda. Hakuona aibu yeye, tuone sisi? Twawafungia mama zetu na dada zetu ndani, twausifu unene wao kuwa ni dalili ya neema, kisha twawabeba hospitali. Natoke mama na wanawe au na jirani zake jioni, kwa stara yake, atembee. Hapana sharia iliyomkataza.

Sasa, ndugu yangu uliyeniuliza, haya ndiyo ninayokushauri, na si mengi.

Kwanza, funga kitendo chako na jambo lisilokosa wakati wake. Sala haikosi. Nenda msikitini kwa miguu Alfajiri na Isha. Ikiwa nyumba iko mwendo wa dakika 10, kwenda na kurudi mara mbili ni dakika 40. Kwa siku tano ni dakika 200. Mwaka 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 waliokaribia kupata sukari: waliotembea dakika 150 kwa juma na kupunguza uzito, hatari yao ilipungua kwa asilimia 58; waliopewa vidonge vya metformini, kwa asilimia 31. Na hizi hatua zetu zina thawabu juu yake.

Pili, usiwe peke yako. Nafsi humdanganya aliye peke yake. Sala yenyewe tumeamrishwa jamaa. Na alfajiri ya giza, wenzi ni usalama pia.

Tatu, anza na kidogo usichokiacha. Bibi Aisha amepokea kuwa amali ipendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ingawa ni chache. Toa kijiko kimoja katika kikombe juma hili, na kimoja juma lijalo. Ugali upungue, sukuma wiki na maharagwe viongezeke. Na katika matanga yetu tuanze na maji, wala tusiwatwishe wafiwa.

Mimi na ndugu huyu tumekwisha kuanza. Siku ya tatu nilibaki kitandani. Akaja akabisha mlango. Nilitoka nimekasirika, na tulipofika nusu ya njia hasira ilikuwa imekwisha. Sisemi kuwa hamu hunijia kila siku. Zipo siku haiji kabisa. Lakini juzi niliinuka kutoka katika sijida bila kushika goti, nikakumbuka kuwa sijida ile si yangu peke yangu; nimeazimwa magoti ya kuifanyia.

Ewe Mola wetu, tukinge na udhaifu na uvivu, utupe nguvu za kukutii, umrehemu mwenzetu aliyetutangulia, na utufishe hali ya kuwa tumeitunza amana Yako. Amin.