Nasaba ya Kahawa

Ajisifuye kwa usafi wa nasaba na akitazame kikombe chake. Mti wa arabika ni chotara. Wazazi wake, robusta na yujenioidesi wa mwituni katika milima ya Afrika Mashariki, wana kromosomu 22 kila mmoja. Mtoto alizirithi zote, akawa na 44, ikazaliwa spishi mpya. Ajabu, sokoni mzazi robusta hudharauliwa!

Je, usafi ni sifa? Arabika hujichavusha yenyewe, na urithi wake ni finyu mno. Kutu ya majani ilipozuka Ceylon mwaka 1869, mashamba yaliangamia. Kinga ilipatikana katika chotara wa Timor, aliyeonekana miaka ya 1920, mwenye urithi wa robusta tena. Wapo wanywaji wanaolalamikia ladha yake. Nawasikia, lakini hasara humwangukia mkulima, nami naona neno lake litangulie.