Jumatano: Matambaa Chini ya Kwapa

Soma Yeremia 38:6–13. Ebedmeleki alifanya nini zaidi ya kumtoa Yeremia shimoni?

Yeremia hakuwa mwizi wala mwuaji. Kabla ya kutupwa katika lile tope alikuwa amekwisha kumsihi mfalme asimrudishe katika nyumba ya Yonathani, asije akafa humo (Yeremia 37:20). Nabii wa Mungu alifikia hali hiyo. Aliyemhurumia ni mgeni, Mkushi. Alikwenda kwanza kwa mfalme, akapata ruhusa, ndipo akaleta kamba pamoja na matambaa makuukuu ya kuweka makwapani. Kamba peke yake ingetosha kumtoa. Lakini Ebedmeleki aliifikiria ngozi ya mtu aliyedhoofu.

Sisi wa Mlali tuko karibu na barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Tunduma. Kwa miaka mingi vijana kutoka Ethiopia wamepitishwa humo wakifichwa ndani ya malori, safari ya Afrika Kusini. Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, miili yao ikatupwa porini wilayani Kongwa. Wanaokamatwa hushitakiwa kwa kuingia nchini bila kibali, na wengi hufungwa katika magereza ya kawaida. Wako waliomaliza kifungo wakabaki humo humo, kwa sababu nauli ya kuwarudisha kwao haijapatikana.

Hebu mfikirie kijana aliyeona mwenzake akikata roho gizani ubavuni pake. Sasa yuko gerezani. Anasema Kiamhari, Kioromo au Kihadiya. Kiswahili hakijui, wala hajui atatoka lini. Usiku halali. Lango likifungwa anashtuka. Chakula anakisukuma kando, anatazama ukuta. Wengine watasema ana kiburi. Wengine, hata makanisani mwetu, watasema ana pepo. Mara nyingi ni ugonjwa, nao una matibabu kama malaria ilivyo na matibabu. Eliya alipoomba afe, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Maswali yalikuja baadaye (1 Wafalme 19:4–9).

Basi tukipata kibali cha kuingia gerezani, tusianze na hubiri refu la Kiswahili mbele ya mtu asiyekijua. Dorkasi wapeleke sabuni, ndala na nguo nzito. Tumwulize askari ni nani halali, ni nani hali. Anayeonyesha kwamba anataka kufa asiachwe peke yake, na mganga wa gereza aelezwe siku ile ile. Wagonjwa wa akili waliozidiwa hupelekwa Mirembe, Dodoma. Tuulize pia kama kwao wanajua kwamba yu hai. Msalaba Mwekundu husaidia kuwatafuta ndugu waliopotezana.

Swali la kujadili: Ndugu mmoja darasani anasema kwamba kumhudumia aliyevunja sheria ya uhamiaji ni kuunga mkono kosa lake. Mkitumia mfano wa Ebedmeleki, ambaye hakumpita mfalme wala hakumwacha mfungwa, mtamjibu nini?